Msitukalishe

Wajukuu zangu, mmelelewa vizuri, na adabu yenu ndiyo inayotumaliza magoti. Mzee akishika mkono wa kiti ainuke, wawili wanamkimbilia: "Kaa bibi, kaa, unataka nini nikuletee?" Maji yanaletwa, simu inaletwa, dawa inaletwa, hata beseni la kunawa linamfuata alipo. Jua linazama mzee kanyanyuka kwenda msalani tu, tena kwa kushikwa makwapani. Mwaka ukipita mnaona hawezi kusimama, mnasema ndio uzee. Uzee upo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo mmeifanya ninyi, kwa mapenzi.

Sisemi haya kwa kisirani cha kizee. Nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu, zamu nyingi nimezifanya wodi ya mifupa, na magoti yangu yote mawili yana ugonjwa ninaouzungumzia, huu wa viungo kulika. Kwa hiyo nikisema "msitukalishe," naomba msicheke mkadhani bibi anatafuta maneno.

Kwanza mjue kinachouma ni nini, maana tiba nyingi za mtaani zinakosea hapo. Kwenye goti mifupa miwili mikubwa inakutana, wa paja na wa ugoko, na mbele imekaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa gegedu, tabaka gumu lenye utelezi. Ugonjwa huu hulifanya gegedu liwe jembamba na kuchanika, mfupa wa chini yake ukawa mgumu na kuota vijinundu pembeni, na ngozi ya ndani inayozunguka kiungo ikavimba. Ndiyo sababu siku nyingine goti hujaa maji. Hautokei kwa usiku mmoja. Unakuja miaka kwa miaka: asubuhi unaamka goti limekaza, ukitembea kidogo linaachia, ngazi zinauma, hasa kushuka, ukikaa muda mrefu kwenye basi, kushuka ni kazi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 watu milioni 528 wenye ugonjwa huu wa viungo, na goti peke yake lilikuwa na milioni 365. Asilimia 60 ni wanawake. Wengi wamepita miaka 55. Basi msidhani ni nuksi ya ukoo wenu.

Sasa sikilizeni ya barazani. "Ute wa magoti umeisha, ale bamia." Bamia ninazipenda, na mlenda pia, na makongoro yakichemshwa usiku kucha siyakatai. Lakini ute wa bamia ukishuka tumboni unasagwa pamoja na ugali. Hauna njia ya kwenda gotini ukiwa ute. Wa pili atasema ni baridi, mzee avae soksi. Wa tatu, aliyesoma kidogo, atasema ni gauti, na hapo mzee ananyimwa nyama na maharage miaka miwili bila hata kipimo kimoja. Gauti ni jambo lingine: ni chembe za asidi ya yuriki, huvamia ghafla, kiungo kikawa chekundu cha moto, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Na wa nne anakuja na begi, ana kopo la virutubisho la bei ya mbuzi, anasema yanarudisha gegedu. Miongozo ya madaktari wa Uingereza ya mwaka 2022 inawaambia wazi wasiwape wagonjwa wa ugonjwa huu glukosamini, ambayo ndiyo imejaa kwenye makopo mengi ya namna hiyo. Mbuzi huyo bora mngemla.

Miongozo hiyohiyo inaweka nini mbele? Mazoezi ya tiba, na kupunguza uzito kwa aliyenenepa. Dawa zinafuata nyuma. Najua mnavyowaza: goti limeshalika, ukilitembeza si litazidi kulika? Wazee wenzangu wanawaza hivyo hivyo, ndiyo maana wanakubali kukalishwa.

Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilobanwa wala kuachiwa linashinda na njaa. Hiyo ni moja. La pili, ambalo nililiona kwa macho wodini kuliko lolote, ni msuli wa mbele ya paja. Huo ndio unaopokea uzito kila unapokanyaga. Ukiwa na nguvu, goti linabeba kidogo. Ukinyauka, mfupa unabeba wote. Na msuli hunyauka haraka ajabu. Mgonjwa aliyelazwa kwa kitu kingine kabisa, homa ya mapafu tuseme, wiki mbili tu kitandani, paja lake unaliona limepungua ukimbadilisha shuka. Goti likiuma mtu anakaa. Akikaa msuli unapungua. Ukipungua goti linauma zaidi. Likiuma zaidi anakaa zaidi. Kisha ninyi mnaongeza mto kwenye kiti.

Ndiyo kazi ya fiziotherapia, kulivunja duara hilo. Na si kuchua. Wengi wakisikia tiba ya viungo wanawaza mafuta ya nazi na mikono ya moto. Kuchua kunatuliza, siwanyimi, ila utulivu wake ni wa muda mfupi na msuli haukui kwa kuchuliwa. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kazi yake, siku ya kwanza anakuuliza kwanza unashindwa nini: kupanda daladala, kusujudu, kuchota maji, kukaa kwenye kigoda? Anakukunja goti na kulinyoosha aone linaishia wapi. Anakutazama ukitembea. Halafu anakupa kiti, unakunja mikono kifuani, anahesabu ndani ya sekunde 30 umeinuka na kuketi mara ngapi. Hicho ndicho kipimo, na zoezi lenyewe ni hicho hicho.

Nitawaeleza machache ili mkimwona bibi anafanya mambo ya ajabu msimzuie. Akiwa amelala, taulo limekunjwa chini ya goti, anakandamiza goti chini, anahesabu hadi tano, anaachia. Au mguu mmoja umekunjwa, mwingine anaunyanyua ukiwa umenyooka, anaushusha polepole. Kushusha polepole ndiko kwenye faida. Amesimama ameshika ukingo wa meza, anapeleka mguu pembeni, kwa ajili ya misuli ya nyonga, maana nyonga dhaifu huliacha goti likiyumba. Anapanda kizingiti na kushuka, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine. Anasimama kwa vidole. Na lile la kiti, ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji kitu ambacho hakipo nyumbani: unakaa ukingoni, miguu imerudi nyuma kidogo, unainama mbele, unainuka bila mikono, unakaa taratibu bila kujitupa. Kiti kikiwa kifupi mno kwa anayeanza, weka mto juu yake. Akizoea, mto unaondolewa. Hapo ndipo mto una kazi. Mazoezi ya nguvu ni mara mbili au tatu kwa wiki, kila zoezi mara nane hadi kumi na mbili, unapumzika, unarudia. Na kutembea, siku nyingi kadiri inavyowezekana.

Litauma. Hapa ndipo familia nyingi huharibu. Bibi anasema "inauma," mjukuu anasema "basi acha." Wataalamu wana kanuni: ukiyapima maumivu toka sifuri hadi kumi, yakifika tano wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi goti limerudi katika hali yake ya kawaida. Likiamka limevimba au limezidi, punguza idadi, usiache. Na msitegemee wiki moja. Msuli unajengwa kwa wiki sita, nane, kumi na mbili, na ukiacha unabomoka tena, kwa hiyo anayeanza ajue ameanza la maisha, sawa na mswaki.

Ninyi watoto wa siku hizi mnataka ushahidi, na mko sahihi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani. Nusu walichomwa sindano ya steroidi gotini, nusu walipewa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya fiziotherapia walikuwa na maumivu machache na wanajimudu zaidi. Miaka mitatu kabla ya huo, utafiti mwingine wa watu 140 ulichoma sindano hiyo kila baada ya wiki kumi na mbili kwa miaka miwili. Wenzao walichomwa maji ya chumvi tu. Maumivu hayakutofautiana, ila gegedu la waliopata steroidi lilipungua zaidi. Na huko Houston, Marekani, mwaka 2002, madaktari waliwagawa wagonjwa 180: wengine waliingiziwa kamera gotini, likasafishwa na kukwanguliwa, wengine walichanjwa ngozi tu wakashonwa bila kuguswa ndani. Hakukuwa na tofauti. Mimi niliposoma hilo nilicheka peke yangu, nikawakumbuka matajiri waliokwenda ng'ambo kusafishwa magoti.

Sindano moja, kwa goti lililovimba vibaya, daktari anaweza kuwa na sababu nayo. Ninachokataa ni mjukuu kumpeleka babu kwa mtu mwenye chumba nyuma ya duka, kila mwezi, "achomwe ya uchungu." Hamjui ndani ya bomba mna nini. Na yeye mara nyingi hajui.

Hapo niliposema duka, nikae kidogo, maana hapa ndipo nimeona watu wakifa. Mjukuu yuko Dar, anampenda bibi yake, anatuma kwa basi la usiku pakiti za diklofenaki. Bibi anameza moja asubuhi, moja jioni, miezi na miezi, mara nyingine tumbo tupu. Maumivu yanapoa kweli, ndiyo hatari yake. Diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zao hutoboa tumbo, huziumiza figo, hupandisha presha, na huongeza hatari ya moyo; mwenye kutumia vidonge vya presha vya kutoa maji ndiye figo zake ziko hatarini zaidi. Bibi analetwa hospitali anatapika kama masalia ya kahawa, choo cheusi kama lami, hiyo ni damu ya tumboni. Watoto wanalia, wanauliza amelogwa na nani. Dawa hizo zina mahali pake, kwa siku chache, kwa kipimo, daktari akijua na dawa nyingine anazotumia. Kwa goti, dawa ya kundi hilo iliyo ya kupaka ndiyo inayopendekezwa kwanza, kwa kuwa kiasi kidogo sana kinaingia damuni. Tumeni tyubu badala ya vidonge, na nauli ya kwenda kuonana na mtaalamu.

Uzito sitauzungumza kwa urefu, mnanijua mimi si mwembamba. Kila kilo moja inayopungua mwilini, goti linapumzika karibu kilo nne katika kila hatua, hilo lilipimwa. Na wanawake wa mji wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa miaka mingi, waliopunguza kama kilo tano ndani ya miaka kumi, hatari yao ya kuumwa goti kwa ugonjwa huu ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kilo tano tu. Soda na maandazi ya saa nne yanatosha kuzileta na kuziondoa.

Haya, sasa nanyi wenyewe, maana mnasikiliza kana kwamba nazungumzia watu wengine. Wewe unayecheza mpira kiwanja cha vumbi, uliyeteguka goti likasikika "pa," ukafungwa kitambaa na Jumamosi iliyofuata ukarudi uwanjani: waliochanika kano ya kati ya goti au gegedu lile la ndani lenye umbo la mwezi mchanga, karibu nusu yao huwa na ugonjwa huu baada ya miaka kumi hadi ishirini. Fanya hesabu ya umri wako. Shirikisho la FIFA lina mazoezi ya kupasha mwili ya dakika ishirini, ya nguvu, kuruka na kutua kwa mpangilio, na timu zinazoyafanya kwa utaratibu hupunguza majeraha kwa karibu theluthi. Hayahitaji vifaa. Makocha wetu wa mitaani wanapenda kuzungusha watu uwanja na kupiga kelele. Na ukiteguka, goti likavimba siku hiyo hiyo, nenda kapimwe, kisha maliza fiziotherapia yako mpaka uambiwe, si mpaka maumivu yaishe.

Wasichana, ninyi mna yenu. Kigoda kifupi mbele ya jiko kwa saa tatu nzima, ndoo kichwani, jembe, kufua mmechuchumaa. Kazi za kupiga magoti na kuchuchumaa pamoja na kubeba mizigo mizito, kwa miaka mingi, zimeonekana kuongeza ugonjwa huu katika nchi nyingi. Siwaambii muache kupika. Inueni jiko liwe juu ya meza au tofali, kaeni kwenye stuli inayofika magotini, fueni mmesimama, na kaka zenu wachote maji.

Na baiskeli! Tanga hii ilikuwa mji wa baiskeli, mwanamke na buibui lake anaendesha kwenda sokoni bila mtu kugeuka kutazama, na bado wapo. Lakini nyinyi vijana hata kwenda dukani kununua chumvi mnaita bodaboda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2024, wa watu zaidi ya 2,600, uliwakuta waliozoea kupanda baiskeli maishani wana malalamiko machache ya magoti kuliko wasiopanda. Haimaanishi baiskeli peke yake ndiyo iliyowalinda. Ila kwa goti linalouma, kupiga pedali ni kazi nzuri: linakunjwa na kunyooshwa bila kubeba uzito wote wa mwili. Kiti kipandishwe, mguu ukaribie kunyooka chini.

Kuna jambo la ibada nalitaja kwa uangalifu. Naona misikitini na makanisani viti vinaongezeka, na wengine wanaovikalia wana miaka hamsini. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi, dini imeshamruhusu, wala asionewe. Ila anayeweza kurukuu na kusujudu kwa maumivu madogo asikimbilie kiti kwa sababu jirani yake anacho. Kushuka chini na kuinuka ni zoezi ambalo watu wa mijini wanalipia. Aweke mto chini ya goti, ashike kitu akiinuka, na amwombe mtaalamu amfundishe namna ya kushuka.

Mkongojo haumshushii mtu hadhi. Goti bovu likiwa la kushoto, mkongojo ushikwe mkono wa kulia. Naona karibu kila mtu anakosea hili, hata kwenye filamu. Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mbovu unatangulia.

Yapo ambayo hayangoji mazoezi. Goti lililovimba likawa la moto na mzee ana homa. Goti lililokwama halikunjuki. Mzee aliyeanguka hawezi kukanyaga. Shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma. Maumivu ya usiku pamoja na kukonda. Hospitali siku hiyo hiyo. Na wapo ambao goti limekwisha kiasi kwamba mazoezi hayatoshi, hao hubadilishiwa goti. Upasuaji huo unafanyika hapa nchini, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili ni mahali pamoja. Hata hao wanahitaji fiziotherapia, kabla ili waingie na misuli, na baada ili goti jipya likunjike.

Mtaniambia gharama. Tafuteni idara ya fiziotherapia kwenye hospitali ya mkoa; Moshi, pale hospitali ya KCMC, wataalamu hawa wanafundishwa miaka mingi sasa, na wengi wametawanyika mikoani. Mzee hahitaji kwenda kila siku. Vikao vya mwanzo vya kupimwa na kufundishwa, kisha kurudi mara kwa mara kuongezewa uzito wa mazoezi. Yaliyobaki ni ya sebuleni. Kama mnaweza kuchangiana kitchen party, mnaweza kuchangiana hilo. Ila siku ya kumpeleka, msimwache mlangoni mkaenda kukaa kwenye benchi na simu. Ingieni naye, mvue viatu, mjifunze kila zoezi mkilifanya, kwa sababu ile karatasi ya michoro tunayopewa huishia chini ya godoro, na mimi ukiniuliza kesho lilikuwa la ngapi na la mguu upi, nitakudanganya.